Kutoka London hadi York, Novemba

Nilifika stesheni ya King's Cross, London, nikiwa na tiketi niliyoinunua wiki tatu kabla. Mdogo wangu wa kike, anayesoma York, alikuwa amenieleza kwamba nauli za treni nchini Uingereza hupanda kadiri siku ya safari inavyokaribia, na kwamba tiketi ya bei nafuu hufungwa kwenye treni moja tu: abiria akiikosa, hununua nyingine kwa bei ya siku hiyo.

Treni yangu ilikuwa ya saa nane mchana. Namba ya jukwaa haitangazwi mapema, kwa hiyo mamia ya watu husimama ukumbini wameinua shingo kuutazama ubao, na namba inapotokea wote huondoka kwa pamoja, haraka lakini bila kukimbia. Katika msukumano huo nilimkanyaga mzee mmoja mguu, naye akaniomba radhi kabla sijafungua kinywa. Jambo hilo lilinikaa moyoni njia nzima. Kwetu Tanga, aliyekanyaga husema samahani na aliyekanyagwa hupewa pole, na mtoto mdogo anajua tofauti yake. Kiingereza kimeyaweka yote mawili katika neno moja, "sorry", hivyo huwezi kujua kama mtu anakiri kosa au anakuonea huruma.

Tulipoipita Peterborough treni ilipunguza mwendo, kisha ikasimama katikati ya mashamba. Sauti ikatoka kwenye kipaza sauti na neno lile lile: wanasikitika, reli zinateleza kwa sababu ya majani ya miti. Nilidhani sikusikia vizuri. Bibi mmoja aliyeketi mbele yangu alinifafanulia kwa upole kwamba majani yakidondoka juu ya reli, magurudumu huyasaga, na mvua ikinyesha hubaki utando unaoteleza kama barafu, kwa hiyo dereva hulazimika kufunga breki mapema na kuondoka taratibu. Kila msimu wa majani hupitishwa treni maalumu za kuosha reli kwa maji yenye nguvu. Alikumbuka utotoni mwake akiwaona wafanyakazi wakifyeka vichaka kando ya njia, kwa maana cheche za garimoshi zingeweza kuwasha moto. Garimoshi za mvuke zilipoondolewa mwaka 1968 hofu ya moto ikaisha, na miti ikaachwa ikue.

Maelezo hayo yalinifurahisha kuliko kitu chochote nilichokiona London, lakini hasira yangu haikuisha. Hii ndiyo nchi iliyofungua reli ya Stockton na Darlington mwaka 1825, reli ya kwanza ya umma kutumia garimoshi la mvuke. Kilichoniuma zaidi ni ukimya wa lile behewa. Watu walitazama saa, wakashusha pumzi, wakarudi kwenye simu zao. Hakuna aliyemuuliza mhudumu tutaondoka lini, hata yule kijana aliyekuwa akinong'ona simuni kwamba atakosa treni yake ya kuunganisha. Ningekuwa ndani ya basi la Tanga kwenda Dar es Salaam, abiria wangeshapaza sauti, na kondakta angelazimika kujibu.

Tuliingia York gizani, dakika 52 baada ya saa kumi, muda uliopangwa. Mdogo wangu alikuwa amesimama chini ya lile paa refu lililopinda. "Shikamoo, kaka. Pole na safari," alisema, na nilihisi uchovu wote ukinitoka.

Nyumbani kwake soketi ni zile zile za matundu matatu tunazotumia Tanzania, basi simu haikunipa shida. Shida ilikuwa bafuni, ambako sinki moja dogo lina mabomba mawili, moja la maji yanayounguza na jingine la maji yanayogandisha vidole, na hakuna mahali yanapokutana. Sababu yake ni ya zamani: maji baridi yalitoka moja kwa moja kwenye bomba kuu na yalifaa kunywewa, ilhali ya moto yalitoka kwenye mfumo uliolishwa na tangi la darini, ambamo vumbi na hata wadudu wangeweza kuingia, kwa hiyo hayakuruhusiwa kuchanganyika. Ilikuwa hekima ya kulinda afya, nami naiheshimu. Lakini nyumba nyingi sasa zina boila isiyohitaji tangi, na mabomba mawili bado yapo.

"Unaziba sinki, unachanganya humo," alinielekeza.

"Na mikono unaisuuza wapi?"

Hakuwa na jibu. Baada ya chakula alifungua kompyuta ili tujaze fomu ya fidia, kwa kuwa kampuni ya treni ile hurudisha nusu ya nauli treni ikichelewa kati ya dakika 30 na 59, mradi abiria adai ndani ya siku 28. Aliniambia wenzake wengi huacha kudai kwa kuona ni usumbufu. Nikavuta kiti, nikamsomea namba ya tiketi tarakimu moja moja.