Siku yangu na mbwa wanaojikuna, Dagoretti, Nairobi

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua kliniki na kumwaga dawa sakafuni. Benchi tayari lina watu.

Saa 2:00. Mama mmoja wa Kawangware kaja na jibwa lililonyonyoka manyoya juu ya mkia, ngozi nyeusi na ngumu. "Daktari, ni chakula cha duka. Nishabadilisha na bado anajikuna." Wengi hulaumu chakula kwanza, mimi huanza na viroboto. Nikapitisha kichana cha meno membamba mgongoni, nikakung'uta vumbi jeusi juu ya tishu iliyolowa. Chembe zikaanza kutoa rangi ya kutu. Mama akainama kuangalia. "Hiyo ni damu ya mbwa wako, mama. Kiroboto ameifyonza, akainya." Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto hahitaji kuvamiwa na jeshi, wachache tu humwasha vibaya. Basi dawa ni kwa wanyama wote wa boma, matandiko yafuliwe kwa maji moto, na isikatizwe mapema, maana mayai huanguka na kuanguliwa kwenye nyufa za sakafu. Ana paka pia, nikamwonya: dawa ya mbwa yenye permethrini, kiua wadudu, humuua paka.

Saa 4:15. Mtoto wa mbwa kaumwa na nyuki, uso umefura kama andazi. Nikamfunua mdomo: ufizi wa waridi, anapumua sawa. Sindano, kisha akae tumwangalie. Angetapika, akalegea au ufizi ukapauka, hapo ingekuwa dharura.

Saa 7:00. Githeri, nusu sahani.

Saa 8:00. Soja wa nyumba moja Lavington kamleta labrador wa tajiri wake. Kwato… samahani, nimezoea ng'ombe. Nyayo zimebadilika rangi ya kahawia kwa kulambwa, tumbo jekundu, masikio yananuka. Kiroboto hakuna. "Usiku nikiwa langoni namsikia akijilamba," akasema, na maelezo yake yalinisaidia kuliko ya mwenye mbwa, aliyepiga simu akitaka "ile sindano ya mwezi uliopita." Steroidi, dawa ya kwenye sindano hiyo, hutuliza mwasho, sikatai, lakini kuichoma kila mwezi bila kujua chanzo ni kumfanya mbwa anywe maji na kukojoa ovyo huku mzio ukibaki palepale. Nikatibu masikio, nikaagiza miguu ioshwe na kukaushwa akitoka nyasini. Tutajaribu pia chakula ambacho hajawahi kula, wiki 8 bila kitu kingine. Soja akacheka: watoto humtupia mkate kila jioni. Nikaomba niongee na mama yao.

Saa 11:20 jioni. Video kwenye simu: mbwa kaogeshwa dawa ya kupe ya ng'ombe, ngozi imewaka. Nikampigia mwenye mbwa: msuuze kwa maji mengi na sabuni laini, vaa glavu, asijilambe, usimpe dawa za maumivu za binadamu.

"Anatetemeka kidogo, daktari, na mate yanamtoka."

Hiyo si aleji tena, ni sumu. Mlete sasa hivi na chupa ya hiyo dawa. Sifungi mpaka ufike.