Ile "kumbe" ya Zuhura

Usingizi umenikataa. Wiki hii tumehama, Baba ametolewa nyuzi za jicho, nami nimemaliza kusahihisha mitihani, lakini kinachonirudia ni neno moja la Zuhura.

Mdogo wangu huyu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Jumatano alinikuta mezani nimefungua umbo la himoglobini ya selimundu, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, lile lililopatikana kwa kupitisha eksirei kwenye fuwele zake. Nikamwonyesha minyororo minne, alfa miwili na beta miwili, asidi amino, yaani vipande vinavyoijenga, 574 kwa jumla. Nikaikuza nafasi ya 6 ya beta. Hapo kwa kawaida hukaa glutamati, inayopenda maji. Kwake imekaa valini, inayoyakimbia. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hujichomeka kwenye kishimo cha molekuli ya jirani, kati ya fenilalanini ya 85 na lusini ya 88. Jirani naye hushikana na mwenzake, hadi zinakuwa nyuzi ndefu zinazoipinda chembe nyekundu nzima ya damu kama mundu.

Akakitazama kishimo kwa muda.

"Dada, na wewe unacho hiki?"

"Ninacho. Kila mtu anacho. Changu hakina cha kukijaza tu."

"Kumbe."

Akainuka, akaenda kuanua nguo.

Kumbe ya nini? Ya mshangao au ya uchungu? Na ile "tu" yangu, niliitoa wapi mbele ya mtu aliyekesha akiuma shuka kwa maumivu ya mifupa? Nilitaka ajue kwamba kati ya hizo 574 tumepishana mbili, moja kwa kila beta. Siku nne nimeitafuna sentensi ile, naona ningeanza na hizo mbili.

Leo asubuhi nimemsikia kwenye simu na binti wa shangazi: "Kishimo chenyewe hata Dada anacho!" Sauti yake ilikuwa na furaha, jamani. Kisha akaja kuniuliza kidonge chake kinafanya nini humo. Nikamweleza kwamba haidroksiurea huamsha himoglobini tuliyokuwa nayo tumboni mwa Mama, na hiyo haiingii vizuri kwenye zile nyuzi. Usiku huu amekinywa bila kukumbushwa. Nimesikia glasi ikiwekwa chini, nikatabasamu gizani.

Funguo za nyumba ya zamani bado ninazo, na mwenye nyumba tangu Ijumaa hapokei simu.