Siku yangu kitengo cha dharura: kifua hakiaminiki

Saa 1:30 asubuhi. Napokea zamu. Kitanda cha pili kuna mzee aliyeanguka jana kutoka juu ya mwembe, mbavu tatu zimevunjika. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, nimepona, niruhusu nikalishe ng'ombe." Anasema hayo kwa vipande, pumzi fupifupi. Haendi popote. Pafu lililopondeka chini ya mbavu hizo huweza kuzidi kuharibika katika saa 24 hadi 48 za mwanzo, na mtu wa umri wake akishindwa kukohoa kwa maumivu, nimonia haiko mbali. Namwongezea morfini kidogo.

Saa 3:00. Binti yake anaomba tumfunge bendeji kifuani. Nakataa kwa upole: kifua kilichobanwa hakipanuki.

Saa 5:40. Bodaboda imegongana na daladala. Kijana analetwa kwa bajaji, anatweta, presha 80 kwa 50, mishipa ya shingo imetuna. Kifua cha kulia hakiinuki, nikisikiliza, kimya, nikigonga, kinalia kama ngoma. Tunamwekea oksijeni. Mwanafunzi anauliza tumpeleke eksirei kwanza? Eksirei! Atafia njiani. Hewa iliyonaswa mle inasukuma moyo upande na kuzuia damu isirudi. Hiyo hutambuliwa kwa macho, masikio na vidole. Sista ananipa kanula ndefu, sindano yenye mrija mwembamba, naichoma nafasi ya tano kati ya mbavu, mbele kidogo ya katikati ya kwapa. Hewa inatoka ikipiga mluzi, presha inapanda hadi 105. Ndipo ganzi, mrija wa kifuani, na chupa ya maji kuanza kutoa mapovu. Damu iliyotoka ni mililita 300. Ingezidi 1,500 kwa mkupuo, ningekuwa nimeshampigia daktari wa upasuaji, ila wengi hupona kwa mrija tu.

Saa 7:00. Ultrasaundi ya kijana: hakuna damu kuzunguka moyo. Mbavu za chini kulia zimevunjika, na ini liko papo hapo, kwa hiyo tumbo nalo nalipima.

Saa 8:30. Chipsi mayai, baridi.

Saa 9:15. Dereva wa daladala anasema hana tatizo, usukani ulimgusa tu. Kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha mapigo yasiyo na mpangilio. Analazwa, moyo wake ukifuatiliwa kwenye monita.

Saa 11:00 jioni. Mzee anapuliza glovu ili mapafu yapanuke, akishindana na mjukuu wake. Oksijeni ya damu imetoka asilimia 90 hadi 95.

Saa 1:30 usiku. Nakabidhi. Kijana apigwe eksirei nyingine asubuhi, mrija usifungwe kwa koleo akihamishwa. Mzee apewe dawa ya maumivu kwa saa, asisubiri kulalamika. Na ng'ombe wake, nawaambia wenzangu, wasikubali kujadiliana naye.