Kumwagilia miche kwenye kokopiti
Katika kitalu changu hapa Njoro, Nakuru, miche ya nyanya naiotesha kwenye kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi. Kinachowahadaa wengi ni rangi: uso hukauka ukawa hudhurungi hafifu ilhali chini bado kumelowa, na anayetazama juu tu humwagilia tena, akainyima mizizi hewa na kukaribisha ukungu unaoozesha shina changa. Mimi huinua trei; ikiwa nzito naiacha, hata jirani akinicheka. Ikiwa nyepesi, nanyunyizia asubuhi kwa debe lenye matundu madogo mpaka maji yachuruzike chini. Majani halisi, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza ya mbegu, yakishachipuka, naongeza mbolea ya maji iliyozimuliwa, yenye kalsiamu, kwa sababu kokopiti yenyewe haina chakula cha kutosha.