Sistikola: masikio kwanza, darubini baadaye

Sistikola ni ndege wadogo wa nyasi na vichaka; jenasi yao, Cisticola, ina aina zipatazo 50, na takriban zote ni za Afrika. Wengi wana urefu wa sentimita 10 hadi 15, rangi ya kahawia mgongoni, weupe mchafu tumboni. Mtu akiwaona kwa mara ya kwanza kwenye kurasa za kitabu cha ndege hudhani mchoraji alichoka akawa anarudia picha ileile. Si ajabu kwamba majina yao mengi ya Kiingereza yametokana na sauti, si rangi. Hapa natumia majina ya kisayansi, maana hayo hayachanganyi; “C.” ni kifupi cha Cisticola.

Kabla hujainua darubini, angalia umesimama wapi. Kwenye vichaka vya migunga vya nyika kavu, kwenye matete kando ya maji, au kwenye nyasi fupi za uwanda? Swali hilo peke yake huondoa zaidi ya nusu ya wanaowezekana. Kisha tazama mgongo: una michirizi myeusi au ni wa rangi moja? Halafu bawa lililokunjwa: lina kibao, yaani eneo la rangi nyekundu ya kutu linalojitenga na mgongo, au halina? Mambo mengine ya manyoya yasubiri.

Nyikani anza na C. chiniana, kwa kuwa ndiye utakayekutana naye mara nyingi. Dume hukaa juu kabisa ya kichaka na kutoa noti mbili hadi nne za kufoka, zinazofanana, kisha mtetemo mkavu kama punje za mahindi zinazotikiswa ndani ya kopo. Muundo huo, noti halafu mtetemo, haubadiliki sana, hata pale mtetemo wenyewe unapotofautiana kutoka eneo hadi eneo. Akifungua mdomo ukiwa karibu, utaona mdomo ni mweusi ndani. Mgongo wake una michirizi, lakini hafifu kiasi kwamba jua la mchana huifuta. Ukiiegemea michirizi hiyo peke yake utakosea.

Penye maji kuna watatu wanaosumbua. C. marginatus ana michirizi mizito myeusi juu ya mgongo wa kijivu, na wimbo wake ni mkwaruzo mkavu wa mfululizo, kama saa ya kizamani inayotiwa ufunguo. Wawili waliobaki, C. cantans na C. erythrops, wana migongo isiyo na michirizi, na hapo ndipo watu hubishana. Jibu liko kwenye bawa. Cantans ana kibao cha kutu bawani pamoja na utosi wa kutu. Erythrops hana kibao, bawa lake ni la rangi ya mgongo, ila uso wake kuzunguka jicho una wekundu hafifu. Akiimba hakuna ubishi tena: erythrops hupiga miluzi yenye nguvu inayoongeza sauti na kupanda, na cantans hutoa mlio mfupi wa silabi mbili, wii-chu.

Wa nyasi fupi ni wadogo zaidi, wenye mikia mifupi, na manyoya yao karibu hayasaidii. Tazama wanavyoruka. C. juncidis huenda kwa mawimbi na kutoa “zit” moja kwa kila wimbi, juu ya kichwa chako. C. brunnescens hupanda hadi karibu apotee machoni. Dume wa majira ya kuzaa ana baka jeusi kila upande wa kifua, ila litaonekana akitua tu. C. ayresii naye hupanda hivyohivyo, lakini akishuka kwa kasi hupiga mbawa zikalia kwa mfululizo wa milipuko midogo. Kama upepo ni mkali, milipuko hiyo ndiyo ya kwanza kukupotea, na utabaki na ndege wa juu asiye na jina.

Milimani ukisikia wawili au watatu wakiimba kwa pamoja kwa kupokezana, kwa kelele, umefika kwa C. hunteri au C. chubbi. Wa kwanza ana michirizi hafifu mgongoni. Wa pili hana, na ana weusi kati ya jicho na mdomo.

Makosa mengi huzaliwa na majira. Baada ya kuzaa, dume wa brunnescens aliyekuwa na utosi usio na michirizi huipata, na aina kadhaa hurefusha mkia. Manyoya yaliyochakaa hupoteza kingo zake za rangi nyepesi, mgongo ukaonekana mweusi kuliko kawaida. Makinda nao wana umanjano kifuani unaowafanya waonekane aina nyingine kabisa. Ndege aliyenyamaza nje ya msimu, mwenye manyoya yaliyochoka, aandikwe “Cisticola sp.” tu, yaani sistikola ambaye aina yake haikutambuliwa. Orodha yenye alama hiyo mara tatu naiamini kuliko ile iliyojaa majina kamili.

Kurekodi kwa simu kunatosha. Sogea hadi mita 20 kama anakubali, elekeza kipaza sauti kwake, nyamaza sekunde 60, na mwishoni sema kwa sauti mahali, urefu wa nyasi na alipotua. Nyumbani hesabu noti kabla ya mtetemo. Usimchezee wimbo wake kumvuta: dume anayejibu mara nyingi hubadili mpangilio wake wa kuimba, na utakachorekodi si kile alichokuwa akiimba kabla hujafika.