Vitone vya Rangi ya Chungwa Kwenye Probox Yangu

Probox yangu ni nyeupe, na weupe hauna siri. Miezi michache baada ya kuhamia Mamboleo, hapa Kisumu, niliona vitone vya rangi ya chungwa vimetapakaa kwenye boneti na paa, vidogo kama punje za wimbi. Nikadhani ni matope ya barabara ya Kakamega. Vijana wa kuosha magari pale Lwang'ni, ufukweni, walimwaga povu, wakasugua, nikalipa. Gari lilipokauka, vitone vilikuwa palepale.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga: nilichukua waya wa kusugulia sufuria. Kitone kimoja kilitoka kweli, lakini mikwaruzo iliyobaki inaonekana hadi leo jua likipiga kwa ubavu.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, fundi wa mageti. Aliinama, akatazama, akacheka kwa aibu. "Mwalimu, haya si matope. Ni cheche za grenda yangu."

Kumbe akikata chuma, chembe huruka zikiwa moto, zinanasa kwenye rangi, kisha umande na mvua vinazitia kutu. Na kweli, vitone vilijaa upande unaoelekea karakana yake. Mimi mwenye kufundisha sayansi sikuwa nimeliona hilo!

Kwanza nilitaka kujua vimeenea wapi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, kwa hivyo nilitumia ile karatasi ya nailoni inayofungia mkate: nikaingiza mkono ndani, nikapapasa bodi iliyooshwa. Kidole kitupu hakihisi mengi, ila kupitia karatasi ile boneti ilikwaruza kama msasa. Milango ya upande wa pili ilikuwa laini.

Nikanunua dawa ya kuondoa chembe za chuma. Nilingoja jioni, bodi ikiwa imepoa, nikanyunyiza kivulini. Baada ya dakika chache kila kitone kilianza kulia machozi ya zambarau. Harufu yake, jamani, ni mayai viza! Nikaisuuza kabla haijakauka, nikarudia mara ya pili. Vilivyokaidi nilivipitia na ule udongo laini wa kusafishia rangi, unaofanana na plastisini, nikiuteleza juu ya maji ya sabuni bila kukandamiza. Kipande kimoja kiliniponyoka kikaanguka chini, nikakitupa. Kikishaokota mchanga kinakuwa msasa chenyewe.

Nikiwa kwenye shughuli hiyo niligundua kwamba si kila doa lilikuwa kutu. Vitone vyeusi nyuma ya magurudumu vilikuwa lami. Mafuta taa kidogo kwenye kitambaa yakavilainisha, kisha nikaosha kwa sabuni. Miviringo myeupe ya maji ya kisima ilitoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nikasuuza upesi.

Kilichonishinda ni kinyesi cha ndege nilichokiacha juani siku tatu. Uchafu ulitoka, kivuli chake kikabaki, kwa kuwa asidi ilikuwa imeshakula ule utandio unaong'aa juu ya rangi. Hapo ni kupigwa polishi kwa mashine, na pesa hiyo sina bado.

Siku hizi jirani hawashi grenda kabla ya kupaza sauti: "Mwalimu, sogeza gari!"