Peugeot 504 ya Uyole: injini haing'olewi

Gari lenyewe: Peugeot 504 GL ya mwaka 1974, saluni, injini ya petroli ya sentimeta za ujazo 1,971 yenye kabureta, gia ya kwenye usukani. Limelala Tukuyu chini ya mparachichi miaka mingi, na anayeifahamu Tukuyu anajua maana yake. Mvua ya Rungwe haina likizo. Tulilipandisha Uyole, Mbeya, juu ya fuso ya ndizi mwishoni mwa masika, likashushwa kwa mbao na kelele za watoto wa mtaa mzima.

Tangu siku hiyo kila anayepita getini anatoa ushauri uleule: toa hiyo injini, weka ya Toyota. Mmoja anataja 1JZ, mwingine 3S, jirani yangu mwenye Hiace anaapa kwa dizeli ya 5L. Siwalaumu. Spea za Toyota pale Mwanjelwa hazihitaji hata kuulizia. Ila mimi sitaki Toyota iliyovaa bodi ya Peugeot. Injini inabaki. Nitakachobadilisha ni kile ambacho mahali gari linapoishi panalazimisha, yaani meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, baridi ya Juni, na barabara ambayo ama unapanda au unashuka.

Mei: bodi

504 za GL nyingi zina dirisha la paa la bati linalofunguka kwa kuteleza. Maji yanayoingia pembeni mwake yanatakiwa kushuka kwenye mirija midogo iliyopita ndani ya nguzo za bodi na kumwagika chini. Mirija ikiziba kwa majani, maji yanatuama ndani ya mabati ya chini ya milango na kuyala kutokea ndani. Kwa nje unaona rangi nzima kabisa. Ukigonga kwa bisibisi, inazama.

Hili si jambo la urembo. 504 haina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi ndiyo chasisi. Yale mabati ya chini ya milango ndiyo yanayolishika gari lisijikunje katikati. Kwa hiyo tuliweka stendi nne chini ya bodi, tukaacha milango ikiwa imefungwa mahali pake ili tuone kama nafasi zake zinabadilika, ndipo grainda ikaanza kazi. Tulikata upande mmoja, tukachomelea bati la milimita 1.2, tukafungua na kufunga mlango kuhakikisha haukwami, ndipo tukahamia upande wa pili. Tulitumia mashine ya waya na gesi, si vijiti. Vijiti vinafaa mageti. Kwenye bati jembamba vinaunguza tundu kisha fundi anaanza kuziba tundu lake mwenyewe.

Na hapa niseme kuhusu pati. Nimetoa kwenye kona ya nyuma kulia kipande cha pati kinene kuliko kidole gumba, ndani yake kuna gazeti. Aliyefanya kazi ile alilipwa. Pati ni ya kulainisha mkwaruzo, ukishapitisha unene wa milimita mbili tatu unajenga ukuta, na ukuta wa pati hupasuka kwenye tuta la kwanza la barabarani.

Juni: injini yafunguliwa

Nimempata mzee mmoja huku Iyunga aliyezifanyia kazi gari hizi zilipokuwa teksi na gari za ofisi. Anatembea na fimbo na hashiki spana tena, anakaa kwenye kigoda na kuelekeza. Nilimwamkia, nikamweleza mradi, akauliza swali moja tu: "Umeshazungusha krenki baada ya kutoa hedi?" Nikamjibu bado, Babu. "Basi usizungushe, mwanangu, mpaka uzifunge laina."

Sababu ni hii. Hedi ni kifuniko cha juu cha silinda, krenki ni mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Injini ya 504 ni bloku ya chuma lakini silinda zake ni laina zinazochomoka, na maji ya kupoza yanazizunguka moja kwa moja. Zimekaa kwenye sili nyembamba huko chini na zinashikiliwa na mgandamizo wa hedi. Hedi ikitoka, ukazungusha krenki, pistoni zinazinyanyua laina, sili zinahama, na ukishafunga kila kitu maji yanashuka kwenye oili. Tulikata vipande vya bomba na washa pana, tukazibana laina zote nne kwa bolti za hedi. Kazi ya nusu saa.

Kuna kipimo kingine ambacho mafundi wa leo hawakizoei: laina lazima ichomoze kidogo sana juu ya uso wa bloku ili hedi iibane. Ikiwa sawasawa na bloku, gasketi haidumu. Mzee alipitisha ukucha kabla sijaleta rula ya chuma na vijibati vya kupimia uwazi. Ukucha wake na kipimo changu vilikubaliana kwamba laina ya tatu imekaa chini. Sili mpya chini yake, tatizo likaisha.

Hedi ni ya aluminiamu na ilikuwa imepinda, jambo la kawaida kwa gari lililowahi kuchemsha. Fundi wa kuchonga ameisawazisha, na nimemwambia asihofie kupunguza kidogo zaidi. Hedi ikipunguzwa, hewa na petroli vinagandamizwa zaidi ndani ya silinda. Mgandamizo huo ukiongezeka pwani ungeleta shida, huku kwetu ni faida, nitaeleza kwenye kabureta. Pia tumeweka siti ngumu za valvu za ekzosi. Gari hili liliundwa enzi za petroli yenye risasi, na risasi ile ndiyo iliyokuwa ikizilinda siti. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006.

Wakati tunasubiri hedi mzee alinisimulia Safari Rally. Bert Shankland na Chris Rothwell walishinda 1966 na 1967 wakiwa na Peugeot 404, na injini ya 404 ndiyo mama wa hii yangu, imelala kwa nyuzi 45 vilevile. Ove Andersson akashinda na 504 mwaka 1975, kisha Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 na 504 Coupé ya V6. Mzee anayataja majina hayo na mfululizo wa mashindano kwa mpangilio, lakini jina langu bado anakosea.

Julai: baridi

Hakuna kilichofanyika cha maana. Asubuhi spana hazishikiki. Nimesafisha bolti kwa mafuta ya taa na kupanga kwenye makopo.

Agosti: kuchemsha

Hapa ndipo nilipotumia akili na fedha nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kwenye mwinuko wa Mbeya maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya injini ni presha, na presha inatunzwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko wa elfu tano wenye springi iliyolegea unaweza kukuulia hedi ya aluminiamu. Cha kwanza nilichonunua kipya, kabla ya chochote cha kung'aa, ni mfuniko.

Halafu feni. Peugeot waliweka feni yenye klachi ya sumaku ya umeme: swichi ya joto kwenye rejeta inapeleka umeme kupitia kaboni ndogo, sumaku inavuta, feni inashikana na puli ya pampu ya maji. Injini ikipoa, feni inaachiwa na kuzunguka bure. Ni wazo zuri, na lilikuwa mbele ya wakati wake. Tatizo ni kwamba kaboni inaisha, swichi inakufa, na mafundi wengi waliishia kuifunga feni moja kwa moja izunguke muda wote. Ndivyo nilivyoikuta yangu. Feni ya namna hiyo inakula nguvu ya injini ukiwa unatembea, na pale unapoihitaji hasa, yaani unapopanda kutoka Igurusi, umefika Inyala, mbele yako lori la Tunduma linatambaa kwa gia ya kwanza, inazunguka polepole kwa sababu injini nayo iko polepole.

Nimeitoa. Badala yake iko feni ya umeme ya Corolla, imefungwa nyuma ya rejeta kwa mabano ya bati, ina fyuzi yake, rilei yake na swichi ya joto kwenye mpira wa juu. Inazunguka kwa kasi ileile hata gari likisimama. Alteneta ya zamani isingeiweza pamoja na taa za usiku, kwa hiyo alteneta nayo imebadilishwa na kubwa zaidi. Rejeta yenyewe ni ileile ya shaba; imefunguliwa, imezibuliwa kwa waya, imechomelewa upya.

Kuhusu thamostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, nimebishana na nusu ya gereji. Kuitoa ni mazoea ya pwani. Huku ukiitoa, asubuhi ya Juni injini haifikii joto lake kabla hujafika kazini. Petroli inashuka mbichi kwenye kuta za silinda, inaosha oili, na ringi zinalika. Yangu imewekwa mpya.

Septemba: kabureta

Injini imewaka. Moshi mweusi.

Nililitegemea hilo. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, haijui hilo. Jeti zake, yaani vitundu vinavyopitisha petroli, zinatoa petroli ya pwani kwa hewa ya mlimani. Ndiyo maana plagi zinatoka na masizi na watu wanasema Peugeot zinakunywa. Kwa hesabu hiyohiyo, injini iliyotoa kama nguvu farasi 96 kiwandani huku inabaki na themanini na kitu hata ikiwa mpya. Kuchonga hedi kumerudisha sehemu ndogo ya ile iliyopotea.

Kabureta ni Solex ya koo mbili. Nimepunguza jeti kuu hatua moja kwa koo la kwanza, kisha hatua nyingine, nikisoma plagi kila baada ya kupanda barabara ya Chunya, ambako unapita meta 2,400 na zaidi ndani ya muda mfupi tangu utoke mjini. Ukitaka kujua kabureta yako inasema nini, ipeleke kule. Kwa jeti za sasa plagi zinatoka rangi ya kahawia hafifu na gari linapanda kwa gia ya tatu mahali ambapo mwanzo lilidai ya pili.

Distributa, inayogawa umeme wa cheche kwa plagi, nimeibadilisha. Ya zamani ilikuwa na platini, zile za kukata na kuunganisha umeme, ambazo zilikuwa zimechimbika. Nimepata ya kielektroniki iliyotoka kwenye Peugeot 505, kwa kuwa 505 za kabureta zilitumia injini ya familia hii. Kwa hewa hii nyepesi unaweza kuwasha cheche mapema kidogo kuliko kitabu kinavyosema, na injini inaipenda.

Mpaka ushuke Kyela. Kule ni kama meta 500 tu, hewa imerudi nzito, joto kali, mgandamizo wangu umeongezwa na cheche iko mapema. Tangu pale Ushirika, kabla ya Kyela, injini ikaanza kugonga nikikanyaga, mlio wa kokoto ndani ya kopo. Nililegeza bolti ya distributa pale kando ya barabara, nikairudisha nyuma kidogo, mlio ukakoma. Tangu hapo distributa ina alama mbili za patasi: moja ya Uyole, moja ya Kyela. Kijana wa bodaboda aliyesimama kunitazama aliniuliza kwa nini nisifunge injini ya Toyota yenye kompyuta inayofanya hivyo yenyewe. Ni swali la haki. Nilimwambia spana namba 11 ni bei rahisi.

Oktoba: rangi

Tulikimbizana na mvua. Rangi iliyopigwa hewa ikiwa na unyevu inatoka na ukungu mweupe usioondoka kwa kupaka nta, kwa hiyo ama unamaliza kabla ya Novemba au unasubiri masika yapite. Nyeupe ya maziwa, kama ilivyokuwa. Vijana walitaka nyeusi isiyong'aa na gari lishushwe chini. Springi za 504 zina mwendo mrefu, hiyo ndiyo sifa yake yote kwenye barabara mbovu. Ukizikata umebaki na gari la kupigia picha. Hazijaguswa. Zimepata bushi mpya tu, na shokamzoba nne. Rimu ni zilezile za inchi 14.

Breki ni diski magurudumu yote manne. Kalipa mbili za nyuma zilikuwa zimekwama kwa kutu. Pistoni zimechongwa upya, mipira imebadilishwa, mirija yote ni mipya. Kwenye mteremko wa kwenda Kiwira nashuka kwa gia ya pili hata hivyo.

Kilichobaki

Giaboksi ya gia tano ya 505 ikipatikana nitaiangalia, lakini sina haraka, gia nne zinatosha milima hii. Viti vinashonwa Sokomatola. Hita inafanya kazi upande wa abiria pekee, mke wangu hajalalamika.

Kinachonisumbua ni taa ya mbele ya kushoto. Kioo kimepasuka, na taa ya 504 ina umbo lake la mshazari ambalo hakuna taa ya gari jingine inayoingia pale. Nimeambiwa kuna 504 ya aina ya stesheni wageni imeegeshwa nyuma ya gereji moja Makambako, taa zote mbili zima, na mwenyewe anataka kuiuza kwa kilo kama chuma chakavu. Jumamosi nachukua basi la alfajiri, nimebeba bisibisi na spana namba 8. Akikataa kuuza taa peke yake, itabidi nipate tena fuso ya ndizi.